Barua kwa Mwanangu: Pesa ya Vifuniko Ipeleke Kwenye Paa

Mwanangu mpendwa,

Habari za Nakuru? Sisi hapa Kisumu tu wazima. Baba yako anakusalimu, na mvua imeanza kutupiga jioni kama desturi yake.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, je, nyumba unayojenga kule Ahero uiwekee vifuniko vya chuma vya madirisha, kama vile ulivyoviona kwenye habari za vimbunga vya Florida? Pili, fundi wa kuaminika utamjuaje, na wewe uko mbali na mjengo? Nitakujibu kwa urefu, maana hiyo ni pesa yako ya jasho, na wajukuu wangu watalala chini ya hilo paa.

Vifuniko hivyo usinunue. Si vibaya, ila vimetengenezewa adui mwingine. Kule Marekani upepo huitwa kimbunga ukifika kilomita 119 kwa saa, na vikali kabisa hupita 250. Tena huvuma kwa saa nyingi, ukirusha mbao na mabati ya jirani kwenye vioo vyako. Kimbunga Andrew kilipoharibu kusini mwa Florida mwaka 1992, watu waliona nyumba nyingi zilijengwa kwa ulegevu. Sheria zikakazwa, na tangu 2002 jimbo zima linafuata kanuni moja ya ujenzi. Kifuniko cha dirisha cha kuuzwa Miami hupimwa kwa kurushiwa ubao wa kilo nne hivi kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde. Kuna vya kukunjwa pembeni mwa dirisha, vya kushushwa kutoka juu, na vibao vya kufungwa kwa bolti kimbunga kinapotangazwa. Msimu wao ni Juni hadi Novemba, na mwenye nyumba pale hana budi.

Ahero iko karibu kabisa na ikweta. Kimbunga huzungushwa na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta, hadi haipo. Ndiyo maana vimbunga havizaliwi huku. Hata kimbunga Hidaya, kilichosumbua pwani ya Tanzania Mei 2024, kiliishia huko huko baharini na pwani.

Lakini sisi tuna upepo wetu, na huo usiudharau. Mchana jua linachoma, upepo wa ziwa unaingia bara, unapanda miinuko ya Nandi na Nyando, na alasiri mawingu yanasimama meusi. Mvua inapoanguka, hewa baridi inashuka nayo kwa kishindo na kusambaa ardhini. Hapo ndipo unasikia milango inagonga kabla ya tone la kwanza. Dhoruba hiyo huenda isimalize hata nusu saa. Ikitokea upande wa Nandi au Kericho inaweza kuja na mvua ya mawe, maana kule ni kati ya sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo unaozidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa. Upepo huo haubomoi ukuta wa mawe uliojengwa vizuri. Unachoondoka nacho ni mabati. Tena jua kwamba mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne, kwa hiyo dharuba moja fupi inatosha.

Watu wengi hudhani upepo husukuma paa. Hapana, unaliinua. Ukipita juu ya mabati kwa kasi unayavuta kwenda juu, na ukipenya chini ya ukingo wa paa, au kupitia dirisha lililofunguka, unayasukuma kutoka ndani. Ni sawa na mwavuli unaogeuzwa na upepo ulioingia chini yake. Hapa ndipo swali lako la madirisha lina maana. Kazi kubwa ya vile vifuniko vya Florida ni kuifanya nyumba ibaki imefungwa ili upepo usiingie na kulibeba paa. Na wewe unataka hivyo hivyo, ila kwako komeo imara linatosha.

Basi madirisha yako yawe ya chuma, yenye vioo vidogo vidogo, na kila bawa liwe na komeo linaloshika kweli. Yale makubwa ya alumini ya kuteleza uliyoyapenda kwenye picha, weka moja tu sebuleni ukitaka, upande usioelekea kule dhoruba zinakotokea. Majirani wa Ahero watakuonyesha ni wapi, waulize wazee. Fremu yake ishikwe ukutani kwa skrubu ndefu, isiachiwe simiti na silikoni peke yake. Ukiwa bado na hofu, mwambie seremala akutengenezee mabawa ya mbao ya nje yenye bawaba nzito na upau wa kuyakaza. Hayo yatakinga mawe na wezi pia, na bei yake haifiki popote karibu na ya vifuniko vya kuagiza. Ila grili na mabawa yoyote yaweze kufunguliwa kutoka ndani bila kutafuta ufunguo gizani. Moto hausubiri.

Sasa paa. Hapa naomba usome polepole.

Bati limeshikwa na msumari, msumari umeshikwa na mbao, mbao imepigiliwa kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, kenchi imekaa juu ya wolpleti, ule ubao mrefu unaofuata ukuta, na wolpleti imelazwa juu ya ukuta. Upepo unapoinua bati, unavuta mambo yote hayo kwa pamoja, na palipo dhaifu ndipo patakapoachia. Mara nyingi unaona paa limeanguka shambani likiwa zima, mabati yakiwa bado yamepigiliwa kwenye mbao zake. Msumari wa bati haukuwa na kosa. Ni wolpleti ambayo haikufungwa, iliwekwa tu juu ya ukuta ikategemea uzito wake na misumari michache iliyopigwa kwenye simiti. Hivyo ndivyo jiko la shangazi yako lilivyoondoka, na aliyelijenga alikuwa ameshalipwa hadi shilingi ya mwisho.

Kwa hiyo, kabla linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, haijamwagwa, vipande vya nondo nyembamba au vyuma bapa vya kufungia vizamishwe ndani yake, vifungwe kwenye nondo za linta yenyewe, na ncha zibaki zimesimama juu. Wolpleti ikishalazwa, ncha hizo zinakunjwa juu yake na kukazwa kwa misumari. Kila kenchi nayo ifungwe kwenye wolpleti kwa chuma bapa, isipigiliwe msumari wa mshazari tu. Gharama ya vyuma hivyo kwa nyumba nzima ni ndogo mno ukilinganisha na mabati. Dukani kwangu nimeuza mabati ya pesa nyingi kwa watu waliokataa kununua roli moja ya chuma cha kufungia, na inaniuma kila nikiwaza juu yao.

Mabati chukua geji 28. Geji 30 ndiyo watu wengi wanaezekea, na 32 ni nyembamba zaidi, maana namba ikipanda unene unashuka. Bati jembamba hutoboka pale pale palipo na kichwa cha msumari, likatikisika na kupasuka, na mawe huliachia alama. Tazama chapa ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na usikubali kuambiwa geji kwa mdomo. Muuzaji akupimie kwa maikromita mbele yako. Mwenye duka anayekasirika ukiomba kipimo, mwache. Mimi hupima hata kabla mteja hajaomba.

Badala ya misumari laini, nunua skrubu za mabati zenye washa za mpira, vile vipete vinavyokaa chini ya kichwa. Msumari laini hulegea kadiri mbao ya saiprasi inavyokauka, na mbao zetu huuzwa zikiwa bado mbichi. Skrubu haivutiki kwa urahisi. Kama pesa imebana, weka skrubu kwenye kingo zote za paa, kileleni na pembeni mwa kuta za nje, kisha katikati tumia misumari, maana upepo huanza kufungulia kwenye kingo na pembe.

Mchoro ulionitumia una paa la pande mbili lenye uso mrefu wa pembetatu. Ningependa ubadilishe liwe la pande nne, kwa kuwa upepo hupata pa kupita kila upande. Ukingo nao usitokeze sana nje ya ukuta. Na ile baraza pana unayoitaka mbele, mabati yake yatenganishwe na ya nyumba, juu ya nguzo zilizozamishwa kwenye zege. Ikitokea baraza inakwenda, iende peke yake.

Swali la fundi ni gumu kuliko hilo, na hapa duka langu limenifundisha mengi. Karibu na soko la Kibuye wananijia mafundi wa kila aina. Kuna anayekuja na orodha, na ndani yake mna washa, chuma cha kufungia na dawa ya mbao. Huyo amekwisha lijenga paa kichwani. Kuna mwingine anayeuliza kwanza atapata ngapi nikimuuzia mteja wake. Maduka mengi hutoa kitu kidogo kwa fundi aliyeleta mteja, wewe hutaambiwa, na wakati mwingine kitu hicho ndicho kinachogeuza geji 28 kuwa 30. Kwa hiyo vifaa nunua mwenyewe, au ninunue mimi. Fundi mlipe ufundi wake.

Cheti ni kitu cha kuanzia. Uliza kama amefanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, na kama ana kadi ya mafundi ya NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi. Ukiamua kumpa mkandarasi kazi nzima, lazima awe amesajiliwa na NCA; madaraja yao ni 1 hadi 8, 8 likiwa la chini, na usajili unaweza kuuthibitisha kwenye tovuti yao kabla ya kutoa hata senti. Kule Florida pia mwenye nyumba huangalia leseni ya jimbo na kibali kabla mtu hajagusa dirisha, kwa sababu baada ya kila kimbunga hufika wageni na magari yao, wanachukua malipo ya kwanza na kupotea. Huku kwetu pia, upepo ukiezua shule leo, kesho kuna mtu mlangoni anayejua kila kitu.

Baada ya cheti, nenda ukaone paa alilolijenga miaka mitano iliyopita. Lile la mwaka huu kila mtu anaweza kulipamba. Ongea na mwenye nyumba bila fundi kuwepo: je, alirudi alipoitwa? Halafu muulize fundi swali moja tu: "Wolpleti utaifunga na nini?" Akikueleza nondo, linta na chuma bapa, endelea kuongea naye. Akisema misumari ya inchi nne inatosha, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Andikianeni. Karatasi iwe na nambari ya kitambulisho chake, kazi atakayofanya, vifaa kwa majina na geji, na malipo kwa hatua. Lipa kwa M-Pesa ili kila hatua ibaki na ushahidi. Na bakiza fungu la mwisho la maana hadi mvua kubwa mbili zipite juu ya paa hilo. Fundi mwema hatakataa mkikubaliana mapema.

Lakini mwanangu, usimkamue. Najua tabia ya watu wetu wa kupigania bei ya ufundi hadi fundi anakubali kwa njaa. Aliyekubali kwa njaa atafidia kwa haraka, ataruka skrubu moja kila mbili, na wewe hutaona. Mimi ningemlipa kwa siku wakati wa kufunga wolpleti na kenchi, asiwe na sababu ya kukimbia, kisha mabati na fesha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, nimpe kwa mapatano ya jumla. Watu wengi hufanya kinyume.

Na kwa kuwa uko Nakuru, kazi yoyote itakayofunikwa itazamwe kabla ya kufunikwa. Nondo za linta kabla ya zege. Vyuma vya kenchi kabla ya mabati. Picha za simu hazitoshi, maana fundi hukupigia ile pembe aliyoifanya vizuri. Mtu wetu apande ngazi. Dari isifungwe mpaka mvua ya kwanza inyeshe na mtu aingie na tochi kutazama.

Ezeka kati ya Desemba na Februari, kabla ya masika ya Machi. Ukichelewa hadi Machi, heri usubiri, kuta zikiwa zimefunikwa kwa nailoni, kuliko kuharakisha paa chini ya mawingu.

Nitumie mchoro mpya na vipimo vya kuta zote, pamoja na nafasi utakazoacha kati ya kenchi na kenchi, nikupigie hesabu ya chuma cha kufungia na skrubu kwa bei niliyonunulia. Fundi akisema anaanza kusuka nondo za linta, nipigie siku mbili kabla. Nitapanda matatu ya Ahero asubuhi, nami ndiye nitakayepanda hiyo ngazi.

Mama yako