Ruzuku ya kulinda mto: tembea shambani kwenye mvua kabla ya kusaini

Kwa kuwa kazi yangu ni kuwashauri wakulima wanaolipwa ili wasichafue mito, swali halikosi: hizi pesa zinasafisha maji kweli, au ni posho tu? Zinasafisha, ila pale tu zinapolipia kinachotakiwa, mahali panapotakiwa.

Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba wa ruzuku, vaa mabuti uzunguke shamba mvua ikiwa inanyesha. Ukisubiri ikatike umechelewa. Kuna shamba nililipita lenye ukanda wa majani wa kupendeza kando ya mto, na mwenyewe analipwa kwa upana wake. Mvua ilipokolea, tope halikuugusa ukanda ule. Lilishuka na njia ya ng'ombe, likapenya langoni wanakotelemka kunywa, likaingia mtoni zito kama uji. Tulihamishia birika la kunyweshea juu, mbali na mto, tukafunga lango na kuchepusha maji ya njia yaingie kwenye nyasi. Mpango haukuwa na fungu la lango, ulikuwa na fungu la majani. Waandaaji wa ruzuku hupenda sana vitu vinavyopimika kwa futi kamba.

Jua pia unazuia nini. Fosforasi na naitreti ni virutubisho vya mbolea na samadi vinavyochafua maji. Fosforasi mara nyingi husafiri imeng'ang'ania udongo, hivyo majani, matuta na mazao funika huipunguza vizuri. Naitreti huyeyuka, ikazama chini ya mizizi, na penye mabomba ya kutoa maji ardhini hupita chini ya ukanda wote bila kupiga hodi. Hapo dawa ni kupunguza mbolea yenyewe, na kutomwaga samadi wingu likiwa limetanda.

Ndiyo maana huwa nautaja mfano wa Vittel, Ufaransa. Kampuni ya maji ya chupa iliona naitreti inanyemelea chemchemi zake, ikaingia mikataba na wakulima wa eneo linalozilisha, mingine ya miaka 18, mingine 30. Hawakulipwa kupanda ukanda. Walilipwa kuacha mahindi ya kulishia mifugo, kupunguza ng'ombe kwa hekta na kuozesha samadi kabla ya kuitumia, na wakasaidiwa kugharimia mabanda. Ufugaji wenyewe ulibadilika, na maji yakabaki ya kuuzika.

Angalia pia urefu wa mkataba. Naitreti iliyokwisha kuzama inaweza kuendelea kutokea mtoni kwa miongo, kwa hiyo mpango wa miaka 5 ukipimwa kwa maji ya mto peke yake utaonekana umeshindwa hata kama wakulima wamefanya yote. Dai vipimo vichukuliwe pia pembeni mwa shamba, hasa siku za mvua kubwa, maana hizo chache ndizo hubeba sehemu kubwa ya uchafu wa mwaka.

Halafu uliza malipo yakiisha itakuwaje. Marekani, mpango wa kuwalipa wakulima wapumzishe ardhi chini ya nyasi, ulioanza 1985, ulikuwa na zaidi ya ekari milioni 36 mwaka 2007. Bei ya mahindi ikapanda, baadaye Bunge likapunguza kikomo cha ekari, na kufikia 2015 zilibaki karibu milioni 24. Nyasi za miaka 10 hulimwa kwa wiki moja. Kifungu cha matunzo baada ya mkataba kiandikwe mapema, pamoja na nani atakayekilipia.