Ngozi ya dume inakataliwa, mbona seli hazijibu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Chumbageni, Tanga, najiandaa kwenda kusomea mambo ya kinga nje ya nchi. Nimesoma kwamba panya jike wa ukoo wa C57BL/6 akipandikizwa ngozi ya dume wa ukoo huohuo, anaikataa. Lakini seli zao za bandama zikichanganywa kwenye sahani ya maabara, kimya. Niamini kipimo kipi?

JIBU: Marahaba. Amini vyote viwili, ila ujue kila kimoja kinapima nini.

Kuchanganya limfosaiti (seli za kinga, kama hizo za bandama) kunafaa pale panya wanapotofautiana H-2, yaani kundi la jeni la kromosomu ya 17 ya panya linalotengeneza protini za utambulisho juu ya seli, ambalo George Snell alilichambua mpaka akapewa Nobel mwaka 1980. Ukichanganya seli za C57BL/6 na za BALB/c, ukoo mwingine wa panya, seli T nyingi (limfosaiti zinazotambua na kushambulia seli ngeni) huamka, na baada ya siku nne au tano unaziona zimeongezeka.

Dume na jike wa ukoo mmoja wana H-2 ileile. Kinachowatenga ni antijeni (kitu kinachoamsha kinga) ya H-Y, inayotokana na kromosomu Y. Eichwald na Silmser waliiripoti mwaka 1955. Kwa jike ambaye hajawahi kukutana nayo, seli T za kuitambua hazifiki moja kwa kila elfu kumi. Kuzisaka kwenye sahani ni sawa na kumtegea sikio mtu mmoja anayenong'ona Soko la Mgandini asubuhi. Ngozi hukaa mwilini, ikazipa seli hizo muda wa kuzaliana. Yenye H-2 tofauti huharibika ndani ya wiki mbili hivi. Ya dume huchukua wiki tatu hadi tano: nywele zinanyonyoka, ngozi inakakamaa, kinabaki kigaga cheusi.

Basi, ili sahani nayo ijibu, anza kwa kumchanja jike seli za bandama za dume. Wiki chache baadaye toa seli za bandama yake, uzikuze kwa siku tano pamoja na seli za dume zilizopigwa mionzi ili zisizaliane. Hapo seli T za jike huyo zitaua seli za dume wa C57BL/6 na kuziacha za jike. Za dume wa BALB/c nazo zitasalimika, kwani H-Y hutambuliwa ikiwa imebebwa na H-2 ya ukoo wake.

Nakusihi jambo moja: kila unapopandikiza ngozi ya dume, pandikiza na ya jike wa ukoo huohuo. Ikifa nayo, tatizo ni mshono au bandeji, na matokeo ya panya huyo usiyahesabu.