Kidole cha mgonjwa si eksirei

Juzi nimemkuta mmoja wenu mnaotibu meno nami kwenye kliniki hii ya Malindi, jina nalisitiri, amesimama kando ya kiti na forsepsi, lile koleo la kung'olea, mkononi, anamuuliza mama aliyetoka Ganda: "Ni hili?" Mama wa watu mdomo u wazi, ganzi imeshamlegeza nusu ya uso, akaguna. Mwenzenu akauchukua ule mguno kuwa ndiyo. Nilimshika mkono. Faili halijafunguliwa, kioo hakijagonga jino hata moja, eksirei ingali ndani ya bahasha. Sikumgombeza sana, na najua wengine mlishangaa, maana kwa kukosa kuosha trei nawagombeza mpaka walinzi wanasikia. Kwa hili sina uso wa kumgombezea mtu. Sababu iko kwenye nambari ya pili.

1. Hesabu kabla hujashika chuma.

Kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwako ukimkabili. Na namba ya jino, ya kwanza ni robo ya mdomo wa mgonjwa (moja juu kulia, mbili juu kushoto, tatu chini kushoto, nne chini kulia), ya pili ni nafasi ya jino kutoka katikati. Hayo mliyajibu kwenye mtihani mkapata alama zote. Lakini mgonjwa wa 20, joto la Machi, feni imekufa, ndipo moja-sita inapogeuka mbili-sita. Taja namba kwa sauti, msaidizi airudie, iandike, ndipo uguse kitu. Na picha ya eksirei ukiishika, ile nukta iliyoinuka ikuelekee wewe, la sivyo utasoma kushoto ukiapa ni kulia.

2. Usikiamini kidole.

Nilikuwa na miezi saba kazini, si hapa, mahali pengine pwani hii hii. Ijumaa, saa tano unusu. Foleni ina watu tisa, na kanzu yangu iliyotundikwa nyuma ya mlango nimeshaichungulia mara tatu. Akaingia nahodha mmoja, mtu mzima, shavu la kushoto kalishika kwa kiganja. Siku tatu hajalala. Akinywa chai ya moto anaona nyota, akisukutua maji ya baridi anapata nafuu kidogo. Haya aliniambia mwenyewe bila kuulizwa. Alinisomea ukurasa mzima wa kitabu, na masikio yangu yalikuwa msikitini.

Nikamwambia, nionyeshe. Akaweka kidole kwenye tatu-sita. Nikatazama: tatu-sita lina shimo jeusi katikati, unaliona bila taa. Kidole kimekutana na shimo, nitake nini tena? Sikuligonga. Sikujaribu baridi. Chumba cha eksirei kilikuwa na foleni yake, sikuwaomba. Wala sikuinua kioo nikatazama la juu. Lile shimo lenyewe, ningelichokoza kwa probu, ningelikuta gumu kama jiwe: uozo wa miaka uliokwisha kusimama wenyewe, usiomuuma mtu.

Nikachoma ganzi ya taya. Baada ya dakika tano nusu ya mdomo wa chini imekufa, fizi naichoma kwa ncha hasikii. Nikamuuliza, maumivu je? Akasema, "Yako vile vile."

Hapo ndipo ninapoamka usiku hadi leo. Mdomo umekufa, fizi imekufa, maumivu hayajasogea. Ganzi ilikuwa inaniambia kwa Kiswahili fasaha kwamba si hili. Nami nikamwambia mtu anayenizidi kwa umri wa baba, "Vumilia mzee, haijashika sawasawa," nikamwongeza katriji ya pili.

Jino lilinitoa jasho robo saa nzima. Jino zima hung'ang'ania, na hilo nalo lilikuwa neno ambalo sikulisikia. Lilipotoka, mizizi yote miwili ilikuwa misafi kama ya picha ya darasani. Nikalifunika kwa pamba haraka, kama mtoto aliyevunja kikombe cha bibi yake. Nikamwandikia dawa ya maumivu, nikaongeza na amoksilini, ambayo haikuwa na kazi yoyote pale ila kunituliza mimi. Nikavaa kanzu, nikaenda kuswali. Hotuba ya siku ile siikumbuki hata neno.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Daktari, jino umenitoa, maumivu umeniwachia."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumwambia ati kidonda kibichi huuma siku mbili tatu. Mkubwa wangu wa kazi, mama wa maneno machache, alikuwa kiti cha pili anasikia. Akaja, akachukua kioo, akagonga kwa mpini: mbili-nne, mbili-tano, mbili-sita. Kwenye mbili-sita mzee aliinuka kitini. Picha ikapigwa, na uozo ukaonekana umejificha ubavuni, kati ya mbili-sita na mbili-saba, umefika mpaka kwenye mshipa. La juu ndilo lililokuwa likilia, la chini likachapwa.

Kwa nini, mnajua, lakini mwajua kwa kuandika tu. Mshipa uliowaka ndani ya jino hauna anwani. Neva za taya la juu na za taya la chini hupeleka habari kwenye kituo kimoja, na ubongo huchanganya ghorofa. Pande hauchanganyi: la kushoto halivuki mstari wa katikati likaumia kulia. Kwa hiyo akionyesha chini kushoto, watuhumiwa ni wote wa kushoto, juu na chini. Gonga moja moja, anza na yale usiyoyashuku. Jaribu baridi. Ukishindwa kabisa, ganzi yenyewe ni kipimo: ukilifisha jino na maumivu yakabaki, weka forsepsi chini.

Yule mama akanituma nikamwambie mzee ukweli. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilisema, "Yote mawili yalikuwa na tatizo," mkubwa wangu akanirudisha kwa jicho. Mara ya pili nikasema: nilitoa lisilo. Mzee alinyamaza, kisha akaomba apewe jino lake. Lilikuwa limeshakwenda na taka za Ijumaa. Rutikanali, yaani kusafisha mshipa ndani ya jino bila kuling'oa, angeifuata Mombasa, safari si moja, na chombo hakimngojei nahodha. Akachagua la juu nalo litolewe. Magego mawili yaliyokuwa yakikutana, yote yamekwenda kwa haraka yangu. Mpaka leo tukikutana sokoni hanisalimu kwa maneno kwanza. Hufungua mdomo kidogo upande wa kushoto, akaufunga, ndipo akaniuliza hali.

3. Kuziba au kung'oa.

Baridi ikiuma na kuondoka papo hapo, ziba. Ikibaki, au jino likimwamsha usiku lenyewe, mshipa umekwisha: rutikanali au kung'oa. Ukiziba juu ya mshipa uliokufa, umemfungia chui ndani.

4. Amoksilini haitibu jino linalouma.

Jipu hutafutiwa njia ya kutoka. Dawa ni kwa uvimbe unaosambaa, homa, taya lisilofunguka. Na uvimbe ukiwa chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi umeinuka, mate yanamtiririka, huyo si wa kuandikiwa kadi ya wiki ijayo. Mombasa ni kilomita 120 hivi kutoka hapa, mpakieni kwenye ambulensi sasa hivi mkimwangalia pumzi.

5. Uraibu.

Neno lenyewe tangu zamani ni vikolezo vya tambuu, wazee wenu waulizeni. Mtu wa popo, ile kokwa itafunwayo na tambuu, na chokaa mpime mdomo: vidole vyake mwenyewe vitatu viingie kwa kusimama. Vikiingia viwili tu, na shavu kwa ndani limepauka na kukaza kama ngozi ya ngoma, msimshauri kupiga mswaki vizuri mkamwachia aende. Popo peke yake, bila hata tumbaku, tangu 2004 imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Wa muguka, jamaa ya miraa, naye haponzwi na majani tu. Anayatafuna na bigijii na soda ya baridi, mdomo mkavu, donge shavu lile lile kutwa. Tazameni shingo za magego, pale jino linapokutana na fizi. Kaunti yetu ya Kilifi ilijaribu kuupiga marufuku 2024, mambo yakaishia kwenye mabishano ya wakubwa, na wateja wetu hawajapungua. Msiwahubirie. Waulizeni wanatafunia upande gani.

6. Fizi ikitoka damu, mgonjwa huacha kupiga mswaki hapo, damu ikazidi.

Mwambieni kinyume chake. Na kabla ya kuondoa ukoga, mwonyeshe kwenye kioo cha mkono, kwa sababu ukishautoa atapitisha ulimi, akute mianya, aseme umemlegeza meno. Ukoga ndio ulikuwa umeziba. Mie nimewahi kusumbuliwa mchana kutwa na bibi mmoja wa Mambrui anayedai nimrudishie.

7. Ramadhani.

Si mara moja nimeona tundu kavu, yaani pengo la jino lililopoteza donge lake la damu, likiongezeka mwezi huo, na haikunichukua muda kuelewa. Mtu amefunga, umemng'oa asubuhi, anaogopa kumeza mate yenye damu, basi anatema toka adhuhuri hadi magharibi. Lile donge la damu lililotakiwa kukaa kwenye tundu litakaa vipi? Siku ya tatu anarudi, sikio linauma, mdomo unanuka. Hapo si usaha, ni mfupa ulio uchi: osha kwa maji ya chumvi, weka dawa ndani, mpe ya kutuliza. Kama si dharura, mpangieni baada ya Idi. Kusukutua maji ya chumvi ni kuanzia kesho yake, si saa ile ile, hata kama anatoka Gongoni ambako chumvi inachotwa kwa majembe.

8. Jino lililong'oka kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka mnazini: lishikwe kichwa chake, si mzizi, lisisuguliwe, lirudishwe tunduni au litiwe kwenye maziwa, ndani ya saa moja. Wanatuletea limefungwa kwenye leso, limekauka kama njugu. La utoto halirudishwi.

9. Watoto.

Mmoja wenu mwezi jana alikuja mbio kuniita: mtoto anavuja damu mdomo mzima. Nikaenda. Mabuyu. Ile rangi nyekundu, mpaka kidevuni, na mkononi kiko kifuko chake. Tulicheka, lakini nilipomfungua mdomo kicheko kikaisha. Mabuyu ni sukari na ukali pamoja, yanamung'unywa nusu saa nzima, na jino likishakaa kwenye tindikali chini ya pH 5.5 linaanza kuyeyuka. Mtoto ana miaka saba na nne-sita limeshatoboka. Mama akasema lile wanalosema wote, "Si la utoto, litaota jingine?" Na mwenzenu, diploma yake mfukoni, akaitikia kwa kichwa!

Gego la miaka sita huota nyuma ya yote, hakuna linalong'oka kulipisha, ndiyo maana mzazi hajui limekuja. Kwa mtoto, hesabu kutoka katikati: moja hadi tano ndizo nafasi za utoto, la sita ni la maisha. Lile tumeliziba. Lilikuwa limebakisha kidogo.

Kesho Jumanne wanakuja watoto wa shule, darasa zima. Njooni saa mbili kamili na tochi zenye betri. Atakayesema "litaota jingine" bila kuhesabu, ataketi benchi na wagonjwa mpaka saa kumi.