Ukikuta uyoga usioujua Kakamega, anzia chini sio kwa kofia

Nyinyi mnaoanza kuingia msitu wa Kakamega na simu mkononi mvua ya Aprili ikishika, tuelewane kitu kimoja: kofia itakudanganya. Mvua inaosha rangi, jua linaipausha, na uyoga mchanga na uliozeeka wa aina moja unaweza dhani ni aina mbili tofauti kabisa. Na tafadhali usiung'oe kwa kuvuta, shina litakatika na jibu libaki udongoni.

Piga picha kwanza, juu, ubavuni, chini ya kofia, na mti ulio karibu. Halafu chukua kisu uchimbe mbali kidogo na shina, udongo uutoe polepole kwa vidole. Ukiona shina linazidi tu kushuka kama mzizi kuelekea kwa mchwa, na katikati ya kofia kuna kinundu kilichochongoka, hapo fikiria Termitomyces, ule wa kichuguu ambao mama zetu wanaujua kutuliko. Lakini ukikuta shina limekaa ndani ya kifuko cheupe kama ganda la yai lililopasuka, na huku juu kuna pete, fikiria uyoga wa jamii ya Amanita, na ujue ziko zinazoua. Sumu ya hizo haitoki kwa kupikwa, mtu anaweza kaa masaa 6 hadi 24 hasikii kitu, aanze kutapika na kuhara, kisha aonekane amepata nafuu kumbe ini linaharibika. Kwa hivyo kutambua ni kutambua, kula ni mambo mengine kabisa.

Jioni kata kofia uilaze kwa karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika na bakuli. Asubuhi angalia unga wa mbegu za uyoga ulioangukia karatasi: Termitomyces huacha wa waridi, Amanita mweupe, na ile kubwa nyeupe ya kwa nyasi, Chlorophyllum molybdites, huacha wa kijani, hiyo inatapisha watu vibaya sana.

Programu za simu za kutambua uyoga zinakupa pa kuanzia tu. Ukidhani umepata kitu adimu, kikaushe, kiweke kwa bahasha ya karatasi, andika tarehe na mahali, umpelekee mtu mwenye maikroskopu. Ruhusa omba mapema, upande wa Buyangu ni wa KWS, shirika la wanyamapori, na wa Isecheno ni wa KFS, shirika la misitu, na ukikuta uyoga umesimama mmoja peke yake, upige picha uuache hapo.