Jioni ya Wawili, Feza Kidogo: Majibu kwa Wapenda Soul wa Lubumbashi

Mwezi uliopita niliandika kwamba mimi na bwana yangu tunakaa barazani kila Jumamosi jioni kusikiliza soul, muziki wa Wamarekani weusi, na kwamba jioni hizo hazitugharimu karibu kitu. Tangu hapo maswali hayajakatika. Nimechukua matano, maana mengine yanafanana.

Yaya (dada mkubwa), bwana yangu anapenda soul kupita kiasi. Anafunga macho, anatingisha kichwa, na mimi niko pembeni kama mgeni, maana Kiingereza sikijui hata neno moja. Nifanye nini? (Mama wa Katuba)

Mama, Kiingereza kisikuzuie. Anza na mwimbaji Bill Withers, wimbo wake wa 1971 unaoitwa "Ain't No Sunshine". Habari yenyewe ni fupi: mwanamke ameondoka, na tangu aondoke jua haliwaki tena kwenye nyumba ile. Basi. Katikati ya wimbo mashairi yanakoma, anabaki anarudia maneno mawili tu, "I know", yaani "ninajua". Anayarudia mara 26. Alikuwa amepanga kuandika maneno mengine mahali pale, lakini wanamuziki wenzake wakamwambia aache hivyo hivyo.

Jumamosi hii mwombe bwana yako auweke wimbo huo, nawe shika punje 26 za mahindi mkononi. Kila Withers akisema "I know", weka punje moja kwenye sahani. Sisi mara ya kwanza tulimaliza na punje mbili zimebaki mkononi mwangu. Bwana yangu akasema nimesinzia, mimi nikasema yeye ndiye aliyenikoholea masikioni. Tukaurudia. Mara ya tatu zikatimia, na hapo ndipo niligundua kitu ambacho miaka yote sikuwa nimekisikia: mahali pale vyombo vingine vinanyamaza, inabaki ngoma peke yake na sauti ya mtu anayejiambia jambo asilotaka kulikubali. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Kisha mwambie bwana yako akuonyeshe picha ya jalada la sahani ya kwanza ya muziki ya Withers. Amesimama kwenye ukuta wa kiwanda, kisanduku cha chakula mkononi. Si pozi la mpiga picha. Alikuwa mfanyakazi kweli, kiwanda chao kilitengeneza vyoo vya ndege, na alipofika studio alikuwa amekwisha kutimiza miaka 30. Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni yetu ya migodi. Baba yangu alikuwa na kisanduku kama kile, na nikiona picha ile nasikia harufu ya makayabu, samaki wa chumvi, ya asubuhi.

Bibi yangu, mke wangu, ananiambia: "Zamani ulikuwa unanitembeza, sasa umeniweka ndani umesahau." Lakini mimi ni mlinzi, mshahara wenyewe unaisha kabla ya tarehe kumi. Nitamtoa na nini? (Baba wa Kenya, komini ya hapa Lubumbashi)

Kaka, kwanza piga hesabu ya kutoka kwenyewe. Taksi ya kwenda, taksi ya kurudi, chupa mbili za bia ya Simba, sahani ya michopo (nyama ya kuchoma), na mhudumu anayekusimamia akitaka uongeze. Tena muziki wa baa unapigwa kwa nguvu hadi mnaongea kwa mikono. Mnarudi mmetumia feza ya juma zima na hamjasemezana.

Bibi yako hakulilii baa. Anakulilia wewe wa zamani, yule aliyekuwa akioga, akivaa, akija kumchukua. Kwa hiyo oga. Vaa shati ile nzuri. Umpe habari mapema, tangu Jumatano, kwamba Jumamosi jioni ni yenu wawili. Jumamosi ni siku nzuri kwa jambo hili. Wazee wetu wanaiita siku ya posho, kwa sababu ndiyo siku wafanyakazi walipokuwa wanapimiwa unga wao. Nawe mpimie bibi yako posho yake.

Siku hiyo asipike. Hili nalisema kwa herufi nzito, maana nimeona wanaume wanaoandaa "jioni ya mapenzi" huku mama wa watu anasonga bukari, yaani ugali, jikoni, jasho linamtoka. Nenda mwenyewe kwa muuza michopo wa karibu, nunua ya kiasi chako, afunge kwenye karatasi na pilipili na kitunguu, ulete nyumbani ingali moto. Ongeza karanga na kinywaji cha munkoyo. Toeni viti viwili barazani, viwekwe kando kando, si kuelekeana kama kwenye kesi. Simu iweke ndani ya bakuli la udongo, ikiwa imesimama. Utashangaa: sauti inakuwa nene, besi inatoka. Sufuria tupu nayo inasaidia, ila ile inafanya sauti ilie kama bati.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu unaijua. Washa mbabula, jiko letu la makala (makaa), lakini ibaki nje pamoja nanyi. Usiiingize chumbani na kufunga mlango, hata kidogo. Makala yanatoa hewa isiyonuka inayoua watu usingizini.

Na ukipata mchana wa bure mwezi wa tisa au wa kumi, jakaranda zikichanua, mtembeze kwa miguu mjini. Njia nzima inakuwa zambarau juu na chini. Mnunulie mkate wa mafuta wa njiani, mle mkitembea, mrudi kabla giza halijaingia. Sisi tulitumia feza ya mikate minne tu, na bwana yangu aliniambia mambo ya utoto wake ambayo kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuwahi kuyasema.

Sisi ni watu wa kanisa. Mchungaji wetu anasema muziki wa dunia unafungua mlango kwa shetani. Je, tunakosea tukisikiliza soul? (Mke na mume, Kampemba)

Dhamiri zenu siwezi kuzisemea, na mchungaji wenu simpingi. Nitawaambia tu muziki huu ulitoka wapi, muamue mkiwa mnajua.

Ulitoka kanisani. Sam Cooke alikuwa mwimbaji wa kundi la injili la Soul Stirrers kabla hajageukia nyimbo za mapenzi mwaka 1957. Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji wa Kibaptisti wa Detroit, na aliimba mbele ya waumini wa baba yake tangu mdogo. Mwaka 1972, akiwa tayari malkia wa soul, aliingia kanisa moja la Los Angeles akarekodi sahani nzima ya nyimbo za injili, waumini wakimwitikia. Al Green, aliyeimba "Let's Stay Together" akimwomba mpenzi wake wasiachane, alifungua kanisa lake Memphis mwaka 1976 na akawa mchungaji. Ukisikiliza kwa makini, kile kilio, kile kuitikiana, kile kinanda, ni Jumapili asubuhi, ila anayeombwa ni mke au mume.

Kuna nyimbo za soul ambazo hata mimi siziweki nyumbani. Kaeni wawili, mchague moja moja. Ule unaowaletea aibu uondoeni, ule unaowafanya mshikane mikono ubaki. Kazi ya kuchagua peke yake ni jioni mbili au tatu nzuri sana. Na kama mtaanza na ile ya Aretha ya kanisani, sidhani kuna mtu atawauliza kitu.

Umeme wetu unakuja saa sita usiku, na mega za intaneti ni ghali. Soul tutaisikiliza na nini? (Kijana wa Ruashi)

Usisikilize moja kwa moja kutoka intaneti, itakumalizia forfe, kifurushi chako cha mega, kwa nyimbo tano. Siku mkiwa na mega, shusheni nyimbo kumi na tano, si mia, mziweke kwenye kadi ya simu. Au mpelekee kadi mmoja wa wale vijana wenye kompyuta wanaojaza nyimbo sokoni, ukiwa na orodha umeiandika kwenye karatasi, asije akakujazia anachotaka yeye. Chaji simu kazini. Nyimbo kumi na tano zinatosha mwezi mzima, maana soul inataka kurudiwa.

Giza lenyewe msiliogope. Sisi tunazima hata tochi.

Nimeoa mwezi wa nne. Tunaishi na mama yangu, vyumba viwili. Tukiweka muziki anasema tunapiga kelele za wazungu. Tutapata wapi jioni ya wawili? (Kijana wa Kamalondo)

Leki yangu (mdogo wangu), nilikaa na mama mkwe miaka sita, hili nalijua kwa ndani.

Kwanza, si za wazungu. Mwambie hao ni Wamarekani weusi, wajukuu wa watu waliotolewa huku kwetu Afrika kwa minyororo. Na walikuja hadi nchini mwetu. Mwezi wa tisa 1974, James Brown, Bill Withers huyu huyu, The Spinners na wengine walipanda jukwaa pale uwanja wa Stade du 20 Mai, Kinshasa, pamoja na wanamuziki wetu Franco na Tabu Ley, siku tatu mfululizo. Tamasha lilipangwa liende pamoja na ngumi za Muhammad Ali na George Foreman, ila Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi tarehe 30 mwezi wa kumi. Wanamuziki hawakungoja. Mama yako kama alikuwa mtu mzima siku zile, muulize. Watu wengi wa rika lake wanakumbuka.

Pili, usianze na wimbo wako. Anza na wake. Mimi nilianza na mpiga gitaa wetu Mwenda wa Bayeke, "Masanga", ule mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliourekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa moja, lakini utadhani wanapiga wawili. Mama mkwe aliacha kuchambua sombe, majani ya muhogo. Akaanza kutusimulia jinsi walivyokuwa wakicheza ujanani, na usiku ule hatukusikiliza soul hata kidogo. Haidhuru. Juma lililofuata alitoka mwenyewe na kiti chake.

Nikamwekea Otis Redding, "I've Been Loving You Too Long", wa 1965. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Akauliza: "Huyu kijana yuko wapi sasa?" Nikamwambia alikufa tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 1967, ndege ilianguka na kuzama ziwani kule Wisconsin, alikuwa na miaka 26. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mrudishe."

Tukamrudisha mara mbili. Kisha akaamka, akachukua kiti chake, akatuaga. Akaomba tu tumwachie mlango wazi kidogo asikie kutoka kitandani. Tangu siku ile hadi alipofariki, Jumamosi zote zilikuwa hivyo: nusu saa ya watatu, halafu usiku wetu wawili, na mlango uko wazi kidogo.