Maswali ya Wasomaji: Kutazama Matumbawe Bila Kukodi Mashua

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mkazi wa Nyegezi, Mwanza, na nimeogelea ziwani tangu utotoni. Mwezi Desemba mimi na mume wangu tutakwenda Unguja kwa mara ya kwanza, na tungependa kutazama matumbawe na samaki kwa miwani ya kuzamia na bomba la kupumulia, tukiingia majini kwa miguu kutoka ufukweni. Tutaitambuaje sehemu nzuri? Na je, tunaweza kujizoeza hapa ziwani?

JIBU: Dada yangu, kabla hujauliza ufukwe gani, uliza saa ngapi. Sisi wa ziwani tumezoea maji yasiyohama: ukiyaacha jioni chini ya jabali fulani, asubuhi utayakuta papo hapo. Bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Mara yangu ya kwanza kufika Jambiani nilishuka ufukweni saa nne asubuhi, miwani shingoni na mapezi ya mpira mkononi, nikakuta bahari haipo. Palikuwa na mchanga wa majimaji, safu za vijiti vilivyofungwa kamba za mwani, na akina mama walioinama kuvuna. Mmoja wao aliyatazama yale mapezi, akacheka, akaniambia nirudi alasiri.

Ufukwe wote wa mashariki, Paje ikiwamo, una tabia hiyo, kwa sababu ukingo wa mwamba uko mbali na nchi kavu na katikati pana kina kifupi chenye mchanga na majani ya bahari. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, maji hayaendi mbali, kwa hiyo mnaweza kuogelea karibu saa yoyote. Hata hivyo sitawaficha: matumbawe yanayosifiwa zaidi, ya kisiwa cha Mnemba na ya hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, hayafikiwi ila kwa chombo, na tangazo la nyumba ya wageni linalodai kuwa matumbawe yako mlangoni lisomeni kwa tahadhari.

Mkitaka kujitafutia wenyewe, fungueni picha ya setilaiti kwenye simu na mtazame mahali ambapo rangi ya samawati iliyoiva inakaribia ufukwe, kwa kuwa hapo ndipo kina kinapoanza bila safari ndefu. Ncha za mawe huwa na samaki wengi kuliko mchanga mtupu. Epukeni mahali palipo karibu na mkondo wa maji ya mvua, hasa baada ya vuli, kwa sababu tope huondoa uangavu. Desemba upepo wa kaskazi huwa umeanza, basi tafuteni upande uliokingwa nao, na mwende asubuhi kabla haujakaza, ikiwa saa za maji zinaruhusu.

Siku bora ni za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, wakati mikondo ni dhaifu. Ingieni kama saa moja kabla ya maji kujaa kabisa, mtoke yanapoanza kugeuka, na msikaribie mlango wa mwamba, yaani mwanya unaopitisha maji kwenda bahari kuu, wakati wa kupwa, kwa kuwa maji yote ya ndani hutokea hapo na humvuta hata mwogeleaji hodari. Kumbukeni kuwa saa za kujaa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku, hivyo saa aliyowaambia mvuvi juzi haifai leo, mwulizeni tena.

Kuhusu kujizoeza ziwani, ningekuomba usifanye hivyo. Maji ya ghuba yetu ni ya kijani, hutamwona furu hata akikupita puani, na kwenye kingo zenye magugu wamo konokono wanaoeneza kichocho, mbali na mamba na viboko. Tafuteni bwawa la kuogelea la hoteli hapo mjini. Mkinunua miwani, iwekeni usoni bila kufunga mkanda, kisha mvute hewa kwa pua: ikishika yenyewe bila kuanguka, inawafaa. Mume wako akiwa na masharubu, ayapunguze, la sivyo maji yatapenya kila dakika.