Ukienda Hampton Court, anzia jikoni

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa shangazi. Alikuja London kutoka Tanga mwezi wa tano, Malkia Elizabeth bado yu hai, na ombi lake lilikuwa moja tu: asirudi nyumbani bila kuiona nyumba ya Malkia. Nami, kwa kimbelembele cha mwenyeji, nikampangia majumba matatu kwa siku moja. Asubuhi Tower of London, mchana Buckingham, jioni Windsor.

Tower tulipitishwa mbele ya mataji juu ya mkanda unaotembea, kama mabegi ya uwanja wa ndege. Buckingham tulishika vyuma vya uzio. Kufika Windsor, mlango wa kuingilia ulikuwa umeshafungwa. Kwenye treni ya kurudi shangazi alivua viatu, akayasugua magoti yake, akaniambia kwa upole ulioniumiza zaidi kuliko kama angenigombeza: "Baba, leo nimeona kuta."

Tangu siku hiyo nimeshapeleka wageni wengi: shemeji, wakwe, watoto wa marafiki waliokuja kusoma, na mzee mmoja wa msikitini aliyekuwa akijua majina ya wake wote sita wa Henry wa Nane kuliko mimi niliyeishi huku miaka. Watu wetu wanazipenda habari za wafalme wa Kiingereza, hata wale wanaosema hawazipendi. Kwa hiyo kama na wewe una mgeni anakuja, au mgeni ni wewe, nisikilize kidogo.

Jumba liwe moja kwa siku. Na kama ni moja tu kwa safari nzima, basi liwe Hampton Court. Mimi nakaa Kingston, ng'ambo ya mto Thames, kwa hiyo utasema navutia kwangu. Sawa. Lakini Buckingham ni ofisi. Ina vyumba 775, na vile vya shughuli za kitaifa hufunguliwa kwa umma hasa miezi ya kiangazi, tena utaratibu huo ulianza 1993 tu, kutafuta pesa za kuitengeneza Windsor iliyoungua Novemba 1992. Mgeni wako akija mwezi wa tatu ataona geti na askari wenye kofia za manyoya. Hampton Court haikai mfalme yeyote tangu enzi za George wa Pili, na Victoria aliifungulia umma 1838, mwaka mmoja tu baada ya kurithi ufalme. Unazunguka ndani utakavyo. Treni kutoka Waterloo ni kama nusu saa na ushei, unashuka kituo cha mwisho, unavuka daraja, umefika.

Ukishafika, usiende kwanza kwenye vyumba vya mfalme. Anzia jikoni.

Hili sikulijua mimi, alinifundisha shangazi yuleyule. Wiki moja baada ya ile safari ya kuta nilimpeleka Hampton Court kumwomba radhi. Mvua ikatukuta uani, tukaingia mlango wa karibu, na mlango wenyewe ukawa wa jiko la Henry wa Nane. Shangazi yangu ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi: kwa miaka thelathini Tanga nzima imekula pilau yake. Aliposimama mbele ya moto ule, gogo zima linawaka kwenye tundu la ukuta ambalo mtu angeweza kuegesha bajaji, na nyama imechomekwa kwenye chuma kirefu kuliko yeye, nilimwona anabadilika sura.

"Wanalisha watu wangapi hapa?"

Nikasoma kibao. Jiko lilijengwa kulisha angalau watu 400, mara mbili kwa siku.

"Kila siku?"

Kila siku mfalme alipokuwapo.

Akanyamaza. Halafu yakaanza maswali ambayo sijawahi kuyasikia kwa mgeni yeyote. Kuni zinatoka wapi? Maji je? Nani anaosha masufuria? Samaki wanakaa wapi wasioze? Mtumishi wa pale, aliyevaa nguo za zama hizo, aliacha kuzungusha nyama akaja kumjibu, mimi nikiwa mkalimani. Samaki walihifadhiwa kwenye vyumba vya uchochoro mwembamba usiopigwa jua. Hadi leo ukipita unahisi ubaridi. Mchuzi haukupikwa kwenye ule moto mkubwa bali kwenye majiko ya mkaa yaliyojengwa kwa matofali, yamepangwa ukutani. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe na mfalme alikuwa anapuliza mkaa kama sisi!"

Maji yalivutwa kwa mabomba ya risasi kutoka kilima cha Coombe, maili tatu hivi, yakapita chini ya mto. Coombe ni huku kwetu Kingston. Nimekipita kilima kile na basi mara nyingi nikitoka zamu ya usiku, sikujua kwamba nilikuwa naipita bomba ya mfalme.

Na wale vijana wa kuzungusha nyama? Joto la pale lilikuwa kali hata 1526 ikatoka amri, iliyoandaliwa na Kardinali Wolsey, mshauri mkuu wa Henry, kwamba wavulana wa jikoni wasitembee uchi wala na matambara. Mtu haandiki amri kama hiyo mpaka jambo limekuwa likitokea. Mimi hapo ndipo historia ya Uingereza ilipoanza kunikaa kichwani, baada ya miaka ya kusoma majina na tarehe bila faida.

Lakini kilichomkamata shangazi hasa kilikuwa chumba kidogo juu ya lango la jikoni. Huko walikaa makarani waliohesabu kila kilichoingia na kila kilichotoka: ng'ombe, pipa la bia, mshumaa. Waliitwa watu wa Kitambaa cha Kijani, kwa sababu meza yao ya hesabu ilitandikwa kitambaa cha rangi hiyo. Kila mtu wa mfalme alikuwa na haki yake kwa cheo chake, mkate kiasi hiki, bia kiasi hiki, kuni kiasi hiki. Shangazi aliangalia madirisha yale muda mrefu. "Hawa ndio walioshika nyumba," alisema.

Kutoka jikoni panda kwenye ule Ukumbi Mkuu. Sasa utauona kwa jicho jingine. Wageni wengi hudhani Henry aliketi pale akitafuna paja la kuku na kutupa mifupa nyuma, kama kwenye filamu. Ukumbi ule siku za kawaida ulikuwa ndio kantini: walikula watumishi wa ngazi ya chini, kwa zamu. Mfalme alikula kwake ndani, na adabu za mezani zilikuwa kali.

Kabla hujatoka, tafuta herufi. Kwenye mbao za ukumbi ule kuna H na A zimesokotwa pamoja, Henry na Anne, mke wake wa pili. Anne Boleyn alikatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536, kwa upanga, na mchinjaji aliagizwa kutoka Calais. Baadaye alama zake zikaondolewa jumbani, lakini mafundi wakasahau mahali. Watoto wanapenda sana kuzitafuta. Mpwa wangu wa miaka tisa alizipata kabla yangu, akauliza kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima: "Kwani alimkosea nini?"

Hapo ndipo ushauri wangu wa pili. Usimmiminie mgeni orodha ya wafalme tangu William wa 1066. Mpe mtoto mmoja. Edward alizaliwa Hampton Court tarehe 12 Oktoba 1537, mtoto wa kiume ambaye baba yake, Henry, alikuwa amemtafuta kwa karibu miaka thelathini, akamwacha mke wa kwanza, akagombana na Papa wa Roma, akamuua mke wa pili. Mama yake, Jane Seymour, akafa siku 12 baada ya kujifungua. Mtoto akawa mfalme ana miaka tisa, akafariki 1553 ana 15. Vurugu yote ile, na waliokuja kutawala ni wale mabinti wawili ambao baba hakuwataka, Mary kisha Elizabeth. Ukienda Westminster Abbey utawakuta dada hao wamezikwa kaburi moja, ingawa maishani hawakuivana. Mgeni aliyemshika Edward ameshika karne nzima.

Kuhusu mizimu sina la maana. Watakuambia Catherine Howard, mke wa tano, bado anakimbia akipiga mayowe kwenye kile kibaraza kirefu. Sikiliza, furahi, songa mbele.

Tena usishangae ukifika upande wa bustani ukakuta jumba limegeuka kuwa jingine kabisa. Hiyo ni kazi ya msanifu majengo Christopher Wren kuanzia 1689, enzi za William wa Tatu na Mary wa Pili. Waligawana ufalme mume na mke, na walitaka kulibomoa lote. Pesa na muda vikagoma, ndiyo maana majumba mawili yamegandana mgongo kwa mgongo. Kitazame kiti cha choo cha William, cha velveti nyekundu. Halafu kumbuka kwamba watumishi wa Henry walikuwa na choo cha pamoja cha nafasi 28. William mwenyewe alianguka na farasi kwenye bustani ya hapohapo 1702, inasemekana farasi alijikwaa kwenye kichuguu cha fuko, na hakupona.

Kuna swali ambalo wageni wetu huuliza kwa sauti ya chini, hasa vijana: sisi tulikuwa wapi? Wasiulize kwa sauti ya chini. Kwenye picha ndefu ya mashindano ya Westminster ya 1511 yumo mpiga tarumbeta mweusi, yuko juu ya farasi, amevaa kilemba. Ametokea mara mbili. Jina lake John Blanke. Alilipwa peni 8 kwa siku, akaona hazitoshi, akamwandikia Henry kuomba nyongeza sawa na ya mpiga tarumbeta mwingine aliyefariki. Akapewa. Mzee wangu wa msikitini aliposikia hilo alisimama katikati ya njia. "Aliandika barua ya nyongeza? Kwa Henry yule aliyechinja wake zake? Na akapewa?" Siku ile hakuzungumza jambo jingine.

Shemeji yangu, ambaye ni Mkenya wa Nyeri, hunibishia kila mwaka: kwa nini kulipa pesa kuangalia nyumba za waliotutawala? Hoja yake ina uzito, maana Elizabeth wa Pili aligeuka malkia akiwa kwao hasa, Februari 1952, baada ya kulala kwenye hoteli ya juu ya mti ya Treetops. Miezi minane baadaye hali ya hatari ikatangazwa Kenya, na 1954 hoteli ile ikachomwa moto wakati wa vita vya Mau Mau. Simjibu kwa maneno. Nilimpeleka siku moja, akakaa saa tano, akatoka na maswali kuhusu kodi. Kupenda kujua si kupiga magoti.

Pesa sasa. Tiketi ni ghali, nunua mapema mtandaoni. Lakini kama wewe mwenyeji unapokea Universal Credit au msaada mwingine unaotolewa kwa kupima kipato, shirika la Historic Royal Palaces, linalosimamia Hampton Court na Tower, lina tiketi za pauni moja. Usione aibu, hilo limewekwa kwa ajili yako. Na kama mfuko umekauka kabisa, nenda National Portrait Gallery, kuingia ni bure, ukamwone Henry aliyechorwa na Holbein amesimama miguu imepanuka kama mtu aliyeziba njia. Kwa kweli hata mwenye pesa namshauri aanzie hapo, ili akifika jumbani awe anaijua sura ya mwenye nyumba. Vaa viatu vya kutembelea. Beba chakula, bustani ina mabenchi.

Shangazi hakutaka kwenda jumba jingine tena. Mwaka jana alinitumia picha kutoka kwenye harusi aliyopikia Chumbageni. Masufuria yamepangwa nyuma ya turubai, na mlangoni, pale vyakula vinapotokea, ameketi mjukuu wake wa kiume na daftari na kalamu. Mbele yake kuna meza ya plastiki. Juu ya meza, kanga ya kijani.